Etiketi ya Mistari Minne

Kazi yangu ilikuwa kufunga kadi. Naanza na hilo kwa sababu majirani zangu wa mtaa wa Dilala walidhani naendesha mashine, yaani kompyuta, na mimi sikuwasahihisha. Mashine yenyewe ilikaa nyuma ya kioo, katika chumba cha baridi, na walioiendesha walikuwa watu waliosoma. Mimi nilikuwa na darasa la sita na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulionipatia kazi.

Kila programu ya mashine ile ilikuwa rundo la kadi za karatasi ngumu zenye matundu. Rundo dogo lilikuwa na kadi mia mbili, kubwa lilipita elfu. Zilitobolewa hapa Kolwezi, kisha nakala zake zikapelekwa kwa treni kwenye kambi nyingine za kampuni yetu ya shaba zilizokuwa na mashine ndogo, Lubudi na Dilolo. Kasha likifika, mtu wa kule alilifungua, akazilisha kadi kwenye mashine yake, na mashine ikafanya kama ilivyoambiwa. Mtu huyo hakutujua wala hatukumjua. Kilichokuwa kati yetu ni etiketi, kipande cha kartoni kilichofungwa kwa kamba kwenye mshikio wa kasha.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mkuu wa chumba cha kadi. Tulimwita tata shefu, tata maana yake baba. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, naye mwenyewe alizaliwa hapa hapa kambini, na Kasai hakuwahi kuiona. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya upande mmoja. Alikuwa amebakiza miezi michache apumzishwe, na kampuni ilikuwa imemwahidi kwamba akimaliza salama atabaki na nyumba yake ya kambini, yeye na mke wake, hadi mwisho wao. Neno hilo, salama, alilirudia mara nyingi. Mke wake alikuwa mgonjwa wa miguu na hakuweza kupita mlango wa ua. Nikienda kuwapelekea maji Jumamosi nilimkuta ameketi palepale, kwenye kiti kilekile, akichambua sombe, majani ya muhogo. Tata shefu hakuwa na kitu kingine cha kuogopa duniani zaidi ya kupoteza nyumba ile.

Siku ya kwanza alinionyesha namna ya kuchora mstari. Unalipanga rundo la kadi, unalibana kwa mikono, halafu unapitisha penseli juu ya kingo zake, kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Kadi zikianguka na kuchanganyika, mstari unakatika, na jicho linaona papo hapo iliyokaa vibaya. Tulitumia penseli ya bluu kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyingi kwenye depo.

Kisha akanionyesha etiketi. "Weye unajua kilicho ndani," aliniambia. "Mi pia najua. Basi etiketi haiko yetu. Iko ya mutu mwenye hakujui, na hawezi kukuuliza."

Nilikumbuka maneno hayo. Tatizo langu halikuwa kukumbuka. Tatizo langu lilikuwa kusema. Tangu shuleni nilikuwa nikiulizwa jambo nalijua, linapanda hadi kooni, linakaa hapo, na mwenye kuuliza anachoka kungoja anampa mwingine nafasi. Mwalimu alidhani mimi ni mjinga wa aina ya wapole.

Mwaka ule ndio mwaka tulioamriwa na Rais kuacha majina ya ubatizo na kuchukua majina ya mababu. Watu walipanga foleni ofisini kuandikisha majina mapya. Monsieur, yaani bwana, alikufa, akazaliwa sitoyeni, yaani raia. Na sisi chumba cha kadi tukapata kazi ya kuvunja mgongo, kwa sababu kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake yenye jina la zamani, na sasa kila kadi ilipaswa kutobolewa upya. Mama aliyekuwa kwenye mashine ya kutoboa alifanya kazi hadi vidole vikavimba. Alikuwa mama mnene wa kutoka upande wa kaskazini, Mprotestanti, mwenye mdomo usiopumzika.

"Leo nimeua ba-Joseph makumi mawili," alisema akifunga mashine jioni. "Kesho naingia kwa ba-Marie."

Tata shefu hakucheka. Yeye mwenyewe hakuwa amekwenda kuandikisha jina jipya. Alisema atakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ilikuja na kupita mara nyingi.

Basi ilikuwapo kazi moja kubwa kuliko zote, ya unga. Kampuni iliwapa wafanyakazi unga wa mahindi kila mwezi, kwa hesabu ya vichwa vya nyumbani. Orodha ilitolewa na programu tatu zinazofuatana. Ya kwanza ilisoma kadi za wafanyakazi. Ya pili ilichukua jina la kila mfanyakazi na kutafuta mke na watoto walioandikwa chini yake. Ya tatu ilichapa orodha, jina na idadi ya magunia. Tuliziita Familia moja, Familia mbili na Familia tatu. Majina yalipobadilika, zote tatu ziliandikwa upya ili zitafute jina jipya pale lilipowekwa kwenye kadi. Lakini za zamani hazikutupwa. Dilolo walikuwa bado hawajamaliza kubadili kadi zao, kwa hiyo wao waliendelea kuhitaji za zamani, na Lubudi walihitaji mpya. Kwenye rafu yangu yakawa makasha mawili ya Familia moja, mawili ya Familia mbili, mawili ya Familia tatu, la zamani na jipya. Makasha yalifanana kama mapacha.

Ndipo mkurugenzi wetu akaitisha kikao cha etiketi.

Alikuwa kijana aliyetoka Lubumbashi, abakosti yake, koti lile lisilovaliwa tai, imenyooshwa vizuri, na alitaka utaratibu. Alikuwa na haki ya kuutaka. Kabla ya hapo kila mtu aliandika alichotaka. Kasha moja lilikuwa limepelekwa Dilolo limeandikwa "Kwa yule fundi", likakaa kituoni mpaka mchwa wakala kadi zote wakaacha kamba.

Tulisimama kuzunguka meza ya kufungia. Mkurugenzi alishika kipande cha kartoni juu ili tukione.

"Hii iko kadogo," alisema. "Naweka mistari ine. Hakuna zaidi, macho ya batu yatachoka. Mustari wa kwanza ni jina la programu. Semeni bingine."

"Hesabu ya kadi," mama akasema kabla hajamaliza. "Kule banapotezaka kadi, kisha banaandika barua kama mama wa Kolwezi alikuwa analala juu ya mashine."

"Hesabu. Muzuri. Mbili. Tatu ni mahali inaenda. Na ine ni sahihi ya shefu, na muhuri. Kama kitu kinatoka hapa, nataka kujua nani alisema ndiyo."

Tata shefu alivua miwani. "Sitoyeni mkurugenzi, mistari ine ni kidogo. Iko pia na kusema ni ya mashine gani. Na bitu bingine kama..."

"Mashine yao banaijua benyewe, tata. Etiketi haiko barua ya mapenzi."

Watu walicheka. Tata shefu akarudisha miwani yake.

Mimi nilikuwa na mstari wa tano. Nilikuwa nao tangu wiki mbili nyuma, maana mimi ndiye niliyezishika kadi zile kila siku, na nilijua kitu ambacho wale walioziandika hawakukiona kwa kuwa wao hawakuzifunga. Familia mbili peke yake si kitu. Inafaa tu ikienda na moja yake na tatu yake, mpya kwa mpya, zamani kwa zamani. Etiketi ilipaswa kusema hilo: inakwenda na zipi. Maneno matatu tu.

Mkurugenzi akanigeukia. "Na weye unafungaka. Unasema nini?"

Kila mtu alinitazama. Nilihisi masikio yanawaka moto. Maneno yalipanda, yakafika pale yanapofikia siku zote, yakakaa.

"Iko muzuri, tata," nilisema.

"Huyu mutoto," mama alisema, "siku moja atameza ulimi wake akifikiri ni sombe."

Kikao kikaisha. Kartoni za mistari minne zikachapwa.

Jioni ile nilimwomba yule mama wa kutoboa penseli yake nyekundu, aliyotumia kutia alama kadi zenye kosa. Nilikwenda kwenye rafu nikachora upya mistari ya kadi za makasha yote mapya kwa rangi nyekundu, na ya zamani nikayaacha na bluu. Mekundu niliyaweka kushoto, ya bluu kulia, upande wa mlango. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba hakuna haja, kwa kuwa mimi ndiye ninayefunga, na rangi nazijua. Nilijisikia nimetengeneza kile nilichoshindwa kusema, hata nikalala vizuri.

Halafu nikashikwa na malaria. Siku tano nilikuwa kitandani, mama yangu akinipangusa kwa kitambaa, nikisikia king'ora cha mgodi kikilia zamu na nisijue ni zamu ipi. Siku ya tatu simu ilikuja kutoka Lubudi kwamba Familia mbili yao imelowa maji, watumiwe nyingine haraka, siku ya unga imekaribia. Tata shefu alifunga mwenyewe. Alichukua kasha lililokuwa karibu na mlango. Jina lilikuwa Familia mbili. Alihesabu kadi, akaandika hesabu, akaandika Lubudi, akatia sahihi, akapiga muhuri. Mistari minne yote ilijazwa sawasawa, kwa mwandiko wake wa taratibu. Nilikuja kuiona etiketi ile baadaye. Haikuwa na kosa hata moja.

Nilipopona nilirudi kazini nikakuta mambo yanakwenda kama kawaida. Sikuangalia rafu kwa makini. Tulikuwa na kazi nyingine nyingi.

Miezi miwili ikapita.

Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa ameolewa Lubudi na mtu wa kampuni. Alikuja kwa treni bila kutuma habari. Alikuwa na watoto wawili, na mimi nilijua ana watatu. Mama yangu alimtazama mgongoni, akaona hakuna mtoto, akakaa chini palepale sakafuni.

Ilikuwa surua. Surua ilikuwa imeingia kambi nzima, na walikufa hata watoto waliokuwa wakila vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na siwezi kuandika kwamba ni kasha lililomuua. Lakini yule mtoto alipata surua akiwa mwembamba kama mkono wangu, na mama yake alikuwa hana maziwa.

Tulipika bukari, ugali wa mahindi. Watoto walikula, wakashiba, wakaendelea kula. Yaya akaanza kueleza.

"Banatupa unga ya mutu mumoja," alisema. "Mutu mumoja, kama bwana yangu hana bibi, hana batoto. Mwezi wa kwanza tulisema ni makosa. Mwezi wa pili tena."

"Juu ya nini hamukwenda kuuliza?" mama yangu akasema.

"Kuuliza nani? Mama, wenye banakosa unga ni wale banabadilisha jina. Wenye hawajabadilisha, unga yao iko yote. Sasa weye enda simama pale, sema jina mupya imeniletea njaa. Utalala wapi?"

Alitoa kwenye kitambaa kadi ya unga akanipa. "Weye uko kule kwa nyumba ya makadi. Baulize."

Niliitazama. Jina jipya la shemeji yangu lilikuwa limechapwa vizuri, na mbele yake vichwa: kimoja. Sikuhitaji kuuliza mtu. Familia moja mpya ilisoma jina jipya, ikalipeleka kwa Familia mbili ya zamani. Ya zamani ikatafuta mke na watoto wa jina la ubatizo, pale lilipokuwa likikaa zamani, isikute kitu. Haikusimama wala kulalamika. Iliandika kwamba mtu huyu hana mtu, ikaendelea na anayefuata. Ambaye hakubadili jina ilimkuta na watu wake wote. Waliotii amri ndio waliolala njaa.

Asubuhi yake nilifika kazini kabla ya wengine. Kushoto kwa rafu, Familia mbili nyekundu ilikuwa pale, na vumbi juu yake. Kulia palikuwa na nafasi tupu.

Tata shefu alipoingia nilimnyooshea kasha na kadi ya yaya. "Hii haikwenda," nilisema. Sikuweza zaidi.

Aliketi. Alitoa karatasi za programu zote mbili akazilaza pamoja, akafuata kwa kidole. Haikumchukua muda mrefu. Aliponyanyua uso ulikuwa na rangi ya majivu.

"Ni mi nilifunga," alisema. "Batu bangapi wako kule?"

Nilimpa kamba ya kufungia.

Alifunga kasha lile mwenyewe na kunituma nalo mbio kituoni. Niliporudi alikuwa ameshaandika barua kwa mkurugenzi, akieleza kila kitu, kwamba alituma programu ya zamani badala ya mpya, kwamba kosa ni lake. Hakuandika habari za etiketi, wala kwamba aliwahi kuomba mistari zaidi. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alidhani ukisema kosa lako lote, watu watakupimia kwa kadiri ya kosa.

Kesho yake mkurugenzi alikuja na watu wawili wa chama cha Rais, wasimamizi wa amri ya majina. Mmoja wao ndiye aliyesema, mwingine aliandika. Alikuwa mpole sana. Alimwita tata shefu sitoyeni na kumwomba akae.

"Sitoyeni, jina yako mupya ni nani?"

Tata shefu alisema bado hajaandikisha.

"Bado. Sawa. Na watu wenye banaandikisha, kule Lubudi, banakosa unga miezi mbili. Wenye bado, kama weye, banakula. Na programu ni weye ulituma. Na mukono ni yako."

"Ni makosa," tata shefu alisema. "Makasha yanafanana. Etiketi ni moja."

Mtu yule aliomba aonyeshwe. Niliyaleta makasha kutoka rafuni, Familia tatu ya zamani na Familia tatu mpya, nikayaweka mezani. Aliyafunua. Alizitazama kadi kwa juu, akainama, akapitisha kidole kwenye mstari wa bluu, halafu kwenye mstari mwekundu. Akaenda mwenyewe rafuni. Alifunua kasha moja baada ya jingine. Kushoto nyekundu, kulia bluu, bila kukosea hata moja.

"Hapa hakuna kufanana," alisema alipogeuka. "Hapa kila kitu kina alama. Nyekundu ni nini?"

Tata shefu alitazama kadi kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza. "Sijui kama rangi iko na maana," alisema. "Penseli ni penseli."

"Shefu wa chumba hajui alama za chumba chake."

Mwenye kuandika alicheka kidogo, akaandika. Kisha yule wa kwanza akanigeukia, na sauti yake ikawa laini zaidi.

"Mwana, usiogope. Weye unafanya kazi hapa. Nyekundu ni mupya, ao hapana?"

Ningeweza kusema: ni mimi niliyeweka rangi. Ni mimi peke yangu ninayezijua. Shefu hakuambiwa, hakuna aliyeambiwa. Yalikuwa maneno machache kuliko haya ninayoyaandika. Lakini nyuma yake kulikuwa na swali jingine, nami niliona linakuja: basi ulijua makasha hayatofautiani kwa etiketi, ukanyamaza? Mkurugenzi alikuwa akinitazama. Nyumbani mama yangu alikuwa na yaya na watoto wawili, na mshahara ulikuwa wangu tu. Hayo yote niliyafikiria baadaye. Wakati ule sikufikiria kitu.

"Ndiyo, tata," nilisema. "Nyekundu ni mupya."

Ilikuwa kweli. Nusu ya pili ilibaki kinywani.

Tata shefu aligeuza kichwa akanitazama. Hakukasirika. Alikunja uso kidogo, kama mtu anayehesabu kadi na hesabu haimkai.

Walimweka ndani siku tisa. Hakupigwa, au hakusema kwamba alipigwa, ila aliporudi miwani haikuwapo. Kampuni ilimfukuza. Nyumba ilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi, na kwenye barua iliandikwa arudi kwao. Kwao maana yake ilikuwa Kasai.

Katika siku hizo hizo mkurugenzi aliitisha kikao cha pili cha etiketi. Unga wa Lubudi ulikuwa umeanza kutoka sawasawa, ingawa wa miezi ile miwili haukurudishwa. Tulisimama tena kuzunguka meza ileile. Mahali pa tata shefu hapakuwa na mtu.

"Tunaongeza mistari," mkurugenzi alisema. "Mbili. Semeni."

Mama alikuwa akitazama vidole vyake.

"Inakwenda na zipi," nilisema. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka. "Na mwingine, ni ya jina ya zamani ao ya jina mupya. Familia mbili haiwezi kwenda bila wenzake."

Mkurugenzi alifikiri. "Muzuri," alisema. "Muzuri sana. Juu ya nini hatukuwaza mbele?"

Aliandika. Mama aliinua macho akanitazama muda mrefu. Nilidhani atanitania.

"Leo umepata ulimi," alisema polepole, na haikuwa utani.

Yeye ndiye aliyenipa penseli ile. Nadhani alikuwa amekwisha kuelewa.

Siku ya safari nilikwenda kituoni kuwasaidia na mizigo. Mke wa tata shefu tulimbeba juu ya kiti chake kilekile, mimi na jirani mmoja, na watu kando ya njia walituangalia kisha wakaangalia pengine. Walikuwa na masanduku matatu ya mbao. Karani wa mizigo alisema hayatapakiwa bila etiketi. Nilikuwa na kartoni mpya mfukoni, zile za mistari sita, na penseli. Niliinama kuandika.

Tata shefu alisogea karibu. Bila miwani alilazimika kuleta uso hadi kwenye kartoni. Alisoma mstari mmoja mmoja. Alipofika wa tano aliweka ukucha chini yake.

"Inakwenda na," alisoma. "Nani aliweka?"

"Ni mi, tata."

"Siku gani uliwaza?"

Treni ilikuwa bado inaunganishwa, mabehewa yakigongana. Hakuna mtu aliyekuwa akituuliza kitu, wala aliyekuwa akiandika. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu kikao cha kwanza, kuhusu penseli ya mama wa kutoboa, kushoto na kulia, na kwamba sikumwambia mtu. Nilimwambia polepole, na mara mbili ilibidi nianze upya. Alisikiliza ameinama, mkono wake ukiwa bado kwenye kartoni.

"Basi nyekundu ilikuwa ya weye," alisema mwishoni.

"Ya mi, tata."

Mke wake aliuliza kutoka kwenye kiti tunasema nini. Alimjibu kwa Kiluba cha Kasai, neno moja. Sijui lilikuwa neno gani.

Akarudi kwenye kartoni. "Ungeiweka chini ya jina," alisema. "Hapa chini kabisa iko mbali. Mutu anasoma jina, anaacha."

"Ndiyo, tata."

"Sasa andika. Hii inakwenda na ya pili na ya tatu. Ile nayo andika, na ile. Herufi kubwa."

Niliandika. Kwenye mstari wa jina nilisimama, kwa sababu sikujua niandike jina gani, la zamani lililomfukuzisha au lile ambalo ofisi ilimpa kwa nguvu siku alipotoka. Aliona nimesimama.

"Weka yote mbili," alisema. "Kule hakuna mutu ananijua."

Mstari haukutosha majina yote mawili. Nililianza la kwanza kwa herufi kubwa kama alivyosema, la pili likabanana pembeni, herufi zake za mwisho zikashuka kwenye mstari wa chini. Nilitaka kuchukua kartoni nyingine nianze upya, lakini karani alikuwa ameshachukua kamba. Walipakia masanduku mawili kwenye behewa moja, na la tatu, kwa kukosa nafasi, wakalipeleka behewa la nyuma.